SOMO: Kumpeleka mzee kliniki, nani aingie kwa daktari na abebe nini

Haya, naiandika hii mara moja tu, maanake kila wiki mwaniuliza lile lile, "nampeleka mama kliniki ya presha, nibebe nini". Someni mpaka chini ndio muulize.

1. Aende yule anayempa dawa. Si mwenye gari, si kaka mkubwa kwa kuwa ndiye atoaye pesa. Kama mkamwana ndiye ampikiaye na kumlaza, basi ni yeye, na kama ni dada wa kazi muingizeni, asiachwe nje kwenye benchi kashika mkoba. Daktari akiuliza usiku mzee huamka mara ngapi kwenda haja ndogo, mwenye gari hukohoa tu.

2. Muulize mzee kama ataka uingie naye. Mwili ni wake.

3. Kitambulisho, kadi ya kliniki, na SHA, bima ya afya ya serikali, uiangalie kabla ya siku yenyewe, piga *147#.

4. Dawa. Hapa tulieni. Usiniandikie majina kwa kichwa, beba zenyewe na paketi zake zote mfuko mmoja, za hospitali, za kemisti, za kupewa na jirani, mitishamba, hata ile chupa ya habbasoda. Kwetu mama alikuwa ameza vidonge viwili vya presha, boksi mbalimbali rangi mbalimbali, kimoja cha kliniki na kimoja tulinunua dukani zilipoisha, kumbe vyote amlodipine, jina la kampuni ndilo kubwa na la dawa lenyewe liko chini kwa vimaandishi vidogo. Miguu ikavimba, kizunguzungu, na sisi twasema uzee huo. Kwa hivyo soma vile vidogo, vikifanana kwenye boksi mbili uliza kabla hajameza.
ONYO: diclofenac na ibuprofen za magoti. Mzee wa presha akizimeza kila siku presha yapanda na figo zaumia, na hatazitaja kwa daktari kwa sababu kwake hiyo si dawa, ni "ya maumivu tu".
ONYO tena: msikatize dawa nyumbani eti mmesoma hapa. Pelekeni mfuko.

5. Daftari la presha, asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo. Akitoka kupanda ngazi ukampima papo hapo, hiyo namba ni ya ngazi.

6. Ndani aongee mzee kwanza, wewe ukae upande wa sikio linalosikia. Na mwachie nafasi peke yake na daktari, yako mambo hayasemwi mbele ya mtoto.

7. Kabla hamjatoka, mrudishie daktari ulivyoelewa kwa maneno yako, hii asubuhi, hii na chakula, akiwa hivi namleta. Ukikosea atakurekebisha hapo. "Sawa daktari" haisaidii mtu.

MASWALI

Kijana_Kisauni: Ndefu sana hii. Kwani lazima dawa zote?
– Namba 4.

AbuuJeddah: Mimi ndio nalipa kila kitu na shemeji haniambii chochote. Nataka daktari anipigie mimi.
– Pesa zako zaonekana ami, Mungu akulipe, lakini wewe humpi mzee dawa. Mzee akikubali na daktari akiruhusu, ingia kwa video wakati wa namba 7, msikilize pamoja, hapo hakuna kikao cha WhatsApp usiku. Na mlipie mtu akae na mzee hata Jumamosi moja, shemeji apumzike.
AbuuJeddah: Hilo la Jumamosi sikuwa nimelifikiria.

BintiTudor: Nyanya ana sukari na hataki kusikia habari ya kutofunga Ramadhani. Nimkazanie?
– Swali zuri. Ukimkazania atafunga na dawa atazificha. Mpeleke mapema, mwezi au miwili kabla, daktari aamue kama afunge na azipange dawa kwa futari na daku, kuna za kushusha sukari mchana kama glibenclamide na insulini. Mchana mpime, masheikh wengi wasema kudunga kidole hakufunguzi. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L afungue pale pale, hata magharibi iwe karibu. Na hili alisikie kwa daktari na kwa sheikh wake, si kwako mjukuu.

BintiTudor: Shukran. Na akianza kuchanganyikiwa, hajui siku?
– Kama ni ghafla, siku moja mbili, usiseme uzee. Yaweza kuwa sukari imeshuka, maambukizi ya mkojo, maji kupungua mwilini, dawa mpya. Pima sukari na mpeleke siku hiyo hiyo. Wewe uliyelala naye ndiye wa kumwambia daktari "juzi hakuwa hivi", yeye hamjui.

BahariaLikoni: Nyongeza. Sisi wa ng'ambo ya Likoni twatoka alfajiri, foleni ya feri, kisha foleni ya kliniki. Babangu siku hiyo hamezi ile dawa ya kukojoza, aogopa kuaibika njiani.
– Wengi hufanya hivyo kimya kimya, kisha daktari aona presha iko juu amuongezea dozi. Semeni wazi kuwa leo hakumeza, na muulize kama siku za safari aweza kuimeza akirudi. Kikoi cha akiba kwenye mkoba pia.