Kitunguu saumu: ponda, subiri, ndipo utie ndimu

Nusa punje nzima ya kitunguu saumu: haina harufu ya kutisha. Iponde, na jiko zima litanuka. Harufu hiyo ni dalili kwamba dawa imeanza kutengenezwa, maana ndani ya punje nzima bado haipo. Seli huweka kemikali iitwayo aliini upande mmoja, na kimeng'enya chake (protini inayoigeuza), aliinezi, upande mwingine. Ukiponda, kuta hupasuka, viwili hivyo hukutana, na aliini hugeuka alisini, kemikali yenye kuua bakteria ambayo Cavallito na Bailey waliieleza mwaka 1944.

Ndiyo maana anayemeza punje nzima kama kidonge anajipunja. Asidi ya tumbo hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi.

Kwa mlo mmoja chagua punje mbili ngumu, zisizo na madoa laini. Za Mbulu ukizipata pale Ngamiani, Tanga, vizuri. Menya, twanga kwenye kinu kwa chembe za chumvi mpaka ziwe rojo. Vipande vikubwa vya kisu havitoshi, seli nyingi hubaki nzima. Kisha acha dakika 10, bila moto, bila maji.

Hapa ndipo wapishi wengi wa Tanga hukosea, kwa kukimbilia ndimu au ukwaju. Aliinezi huharibika pH (kipimo cha asidi: ikishuka, ukali huzidi) ikishuka chini ya 3.5 hivi, na ndimu ina ukali kuliko huo. Ikitangulia, imekiua kimeng'enya. Ikija baada ya dakika 10, haina neno. Rojo likigeuka kijani au bluu usilitupe, ni rangi tu.

Moto nao hauna huruma. Kwa mchuzi wa samaki, kaanga nusu ya rojo kwa ladha, nusu nyingine itie ukishaepua sufuria.

Majani ya mlonge yana mtindo huohuo, ila kimeng'enya chake ni mirosinezi: yatwange mabichi kwa maji baridi, usianze kwa kuyachemsha. Ya unga yaanikwe kivulini.

Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta kisikae nje ya friji, kinaweza kuzaa sumu ya botulini. Usikibandike kwenye ngozi, kinaunguza. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, amwambie daktari kabla ya kukitumia kama dawa.