Mitoki ya shingo: pa kushika na pa kushtuka

Nasuka nywele Mwanga, Kigoma mjini, mwaka wa 11 sasa. Kutwa shingo za watu zimo mikononi mwangu, na haipiti wiki sijaambiwa, "Dada, hebu nishike hapa, hiki nini?"

Mara nyingi ni mtoki, tezi inayochuja vijidudu vya maradhi. Ukiwa kisogoni, kwanza natazama ngozi: mapunye, vidonda, au nywele zilizovutwa mno (hapo najilaumu mwenyewe). Ukiwa chini ya taya, nauliza jino bovu na mafindofindo. Chanzo kikipona, nao hunywea taratibu.

Kujipapasa: nawa, kaa, inamisha kichwa kidogo upande unaoupima ili msuli ulegee. Tumia nyama ya ncha za vidole vitatu, si kucha. Zungusha polepole chini ya taya, nyuma ya sikio, ushuke ubavuni mwa shingo hadi kishimo kilicho juu ya mtulinga (mfupa wa kati ya shingo na bega). Linganisha pande zote mbili. Kiharage laini kinachoteleza na kuuma ukiwa na mafua hakinitishi. Meza mate: uvimbe wa mbele ukipanda na koo, huenda ni rovu (kuvimba kwa tezi ya koo), habari nyingine kabisa.

Mgumu, usiouma, usiosogea, unaokua au uliopita wiki mbili, nenda hospitali. Ulio kwenye kile kishimo cha mtulinga, nenda hata kama ni mdogo. Homa za jioni, jasho la kulowesha shuka na nguo kupwaya, usisubiri.

Mwanangu alitoka viuvimbe vitatu vimefuatana kama kunde. Duka la dawa likatupa antibayotiki mara tatu. Jirani akashauri kuchua kwa mawese ya moto; nikachua. Ngozi ikaiva, ikapasuka, ikatoa uji mweupe. Hospitali wakavuta kwa sindano, wakapima: kifua kikuu cha tezi, na mtoto hata kukohoa hakohoi! Wakampima na VVU, ndio utaratibu. Dawa miezi 6, bure. Mwezi wa kwanza tezi zikavimba zaidi, nikataka kuacha. Muuguzi akanituliza kwamba hutokea, tuendelee.

Usichue, usichanje, usikamue. Na andika tarehe ulipouona mara ya kwanza. Daktari aliponiuliza, nilibaki nahesabu kwa vidole tangu Ramadhani.