Namna ya Kupanga Vyeo vya Marubani Katika Klabu ya Simuleta Bila Kuvunja Udugu

Klabu nyingi za simuleta ya ndege, yaani programu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege, huanza na watu watatu au wanne wanaofahamiana, kompyuta mbili za uwezo wa wastani na jostiki moja inayopokezanwa, na katika hatua hiyo hakuna anayehitaji cheo. Haja ya vyeo huja wanachama wanapozidi kumi, kwa kuwa hapo mgeni hajui amuulize nani, wala wenyeji hawajui nani aachiwe kuongoza safari ya kundi. Maelezo haya ni kwa ajili ya klabu iliyofika hapo, na nimeyaandika nikifikiria klabu ya Dar es Salaam, ambayo uwanja wake wa nyumbani ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, wenye alama ya HTDA.

Ngazi nne zinatosha. Fuateni desturi ya mashirika mengi ya ndege, ambako kapteni huvaa mistari minne begani na rubani msaidizi mitatu. Kwenye klabu, rubani msaidizi wa pili apewe miwili na mwanafunzi mmoja. Ualimu usiwe cheo cha tano, bali uwe kazi ya kila kapteni, na sababu yake nitaieleza hapa chini.

Kosa ambalo nimeliona likiharibu klabu ni kupandisha watu kwa saa za kuruka peke yake. Katika klabu moja niliyokuwa mwanachama, mwenzetu aliwasha rubani wa kujiendesha, yaani mtambo unaoirusha ndege wenyewe, akalala, akaamka asubuhi akiwa na saa nane mpya kwenye daftari lake la safari, na baada ya miezi michache alikuwa kapteni asiyeweza kutua bila kusaidiwa. Waliojifunza kwa mikono yao waliona wamedharauliwa, wakaondoka mmoja mmoja kimyakimya. Kwa hiyo saa zihesabiwe, lakini kila cheo kiwe na safari ya mtihani inayorushwa mbele ya wenzake.

Mtihani wa kwanza naupendekeza uwe safari ya kutoka HTDA kwenda uwanja wa Abeid Amani Karume, Zanzibar, kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, bila rubani wa kujiendesha. Umbali ni takribani kilomita 70, kwa hiyo safari haichukui hata nusu saa angani, lakini ina kila kitu: kuruka, kuvuka bahari, kuongea na mwongoza ndege na kutua. Pangeni mtihani kwa kuzingatia upepo halisi wa msimu, ambao simuleta nyingi za leo huweza kuuleta kupitia intaneti. Njia kuu ya kurukia na kutua ya HTDA huitwa 05 upande mmoja na 23 upande wa pili, kwa kuwa imeelekea takribani nyuzi 50 na 230 za dira. Upepo wa kaskazi unapovuma, rubani anayetua kwenye 05 huukabili karibu uso kwa uso. Kusi inapoingia, upepo humjia ubavuni, na hapo ndipo mtahini anapaswa kutazama kwa makini. Aangalie kama mtahiniwa ameacha pua ya ndege igeukie upepo wakati wa kushuka, kisha akainyoosha kwa pedali muda mfupi kabla ya magurudumu kugusa lami. Anayeiweza hatua hiyo mara tatu mfululizo amestahili mstari wake, hata kama daftari lake lina saa kumi na mbili tu.

Kwa cheo cha kapteni, ongezeni sharti moja ambalo mimi nalithamini kuliko mengine yote: awe amewalea wanafunzi wawili mpaka wakafaulu safari hiyo ya Zanzibar. Sharti hili ndilo linalojenga udugu, kwa sababu anayetaka kupanda analazimika kumpigania wa chini yake.

Jambo la umri linahitaji busara. Ni kawaida kapteni kuwa kijana wa miaka ishirini na mwanafunzi wake kuwa mstaafu anayetimiza ndoto ya utotoni. Cheo kibaki kwenye safari, na heshima ya kawaida isiguswe. Nimemsikia kijana wa namna hiyo akianza somo kwa kusema, "Shikamoo, mzee," akajibiwa, "Marahaba, mwanangu, leo tunaelekea wapi?" Dakika kumi baadaye alikuwa akisema bila kusitasita, "Mzee, mwendo umeshuka, ongeza nguvu ya injini sasa hivi," na mzee akaongeza. Hakuna aliyevunjiwa heshima.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mdogo kumrekebisha mkubwa, na hapa historia ya urubani imelipa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye ukungu katika kisiwa cha Tenerife, wakafa watu 583. Kapteni wa KLM, mkufunzi aliyeheshimiwa sana, alianza kuruka bila kibali. Fundi wake wa safari aliuliza kama ile ndege nyingine ilikuwa imetoka njiani, akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, akanyamaza. Baada ya hapo mashirika yalianza kuwafundisha marubani wasaidizi kusema na makapteni kusikiliza. Klabu yenu iwe na kanuni hiyo tangu siku ya kwanza: yeyote kwenye laini, hata mwanafunzi wa wiki moja, akisema "paa tena," anayetua apae bila ubishi, na maelezo yatolewe ndege ikishatulia.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Safari ya kundi iwe Jumamosi usiku, watu wakiwa wameshatoka kwenye foleni. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya mtihani, mtahiniwa asihesabiwe ameanguka, bali arudie kuanzia alipoishia. Siku mtu anapopata mstari mpya, mkutane ana kwa ana, kahawa na kashata mezani, na aliyemfundisha ndiye amvishe.