Tezi ya thairoidi na miguu inayouma

Mwenzangu mwenye tezi ya thairoidi (ile ya shingoni inayotoa homoni) inayofanya kazi chini ya kiwango, hasa unayesimama kutwa kwenye saruji pale soko la samaki la mwaloni Kirumba, Mwanza: nunua viatu jioni, si asubuhi. Homoni ikipungua, mwili huweza kushika maji na miguu ikavimba, basi kiatu kilichokutosha asubuhi kinakubana saa kumi. Chagua soli nene na laini. Ndala zilizolika zinatesa sana kisigino. Usiku paka mafuta ya mgando kwenye nyufa, vaa soksi. Na dawa ya homoni ya thairoidi, tafadhali sana, imeze kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya maziwa. Ganzi au kuchomachoma kukiendelea, nenda wakupime homoni, na sukari pia.