Mgonjwa wa skizofrenia asipolala: chunguza kabla ya kuomba dawa ya usingizi

Katika kliniki yetu ya afya ya akili, ndugu wengi wa mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo au awashuku watu bila sababu) huomba vidonge vya usingizi siku hiyohiyo, nami huwapa kwanza kazi ya daftari, kwa kuwa kukosa usingizi kwa mgonjwa huyu kuna vyanzo vingi na kila kimoja kina tiba yake.

Hatua ya 1: Kwa wiki mbili, andika saa anazolala na kuamka, usingizi wa mchana, saa za kumeza dawa, pamoja na kahawa, sigara na mirungi. Mwulize mwenyewe, maana taa kuzimwa si kulala. Hata hivyo, akikesha siku mbili tatu mfululizo huku sauti zikianza kurudi au akiwashuku watu wa nyumbani, acha daftari umpeleke hospitali siku hiyo, kwa sababu usingizi mara nyingi hupotea kabla ugonjwa haujarudi.

Hatua ya 2: Tazama miguu yake. Anayetumia haloperidoli au sindano ya flufenazini, ambazo ni dawa za ugonjwa huu, anaweza kupatwa na akathisia, hali ya kushindwa kutulia: akikaa anainuka, akilala anatupatupa miguu. Hapa ndipo makosa hufanyika zaidi, kwani ndugu hudhani ugonjwa umezidi, wakaomba dozi iongezwe, na mahangaiko yakazidi. Mweleze daktari ulichokiona, tena kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Hatua ya 3: Sikiliza anavyokoroma. Olanzapini na klozapini, dawa nyingine za ugonjwa huu, huweza kunenepesha, na unene huweza kubana njia ya hewa; mkoromo unaokatika ghafla kisha mtu akashtuka akitafuta hewa huashiria pumzi kukatika usingizini. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, huweza kuifanya hali hiyo iwe ya hatari zaidi.

Hatua ya 4: Jadili saa za dawa na daktari. Olanzapini, inayoleta usingizi, huweza kuhamishiwa jioni, na benzeksoli, dawa ya kupunguza mtetemeko na ukakamavu unaoletwa na dawa hizo, ambayo huwachangamsha baadhi ya wagonjwa, ikatolewa asubuhi. Usibadilishe wala kusimamisha chochote peke yako.

Hatua ya 5: Mwamshe saa ileile kila siku, umtoe nje apate mwanga, umpe kazi anayoiweza. Aliyezoea kuamka saa nane mchana asogezwe polepole, nusu saa kila baada ya siku chache. Ikiwa sauti humsumbua zaidi gizani, mwachie taa hafifu au redio ya sauti ya chini. Si lazima alale kama wengine wanavyolala.