Jinsi ya Kuunganisha Programu ya Kazi na Mfumo wa Kuingia Mara Moja

Katika mfumo wa kuingia mara moja, mfanyakazi huthibitishwa na seva moja ya utambulisho, kisha hufungua programu zote za kazi bila kuandika nywila upya. Mwongozo huu unafuata itifaki ya SAML 2.0 ya mwaka 2005, yaani kanuni za mawasiliano kati ya seva hiyo na programu, ambayo programu nyingi za biashara zingali zinaitegemea. Kwa wanaotumia OpenID Connect, itifaki nyingine ya kazi hiyohiyo, itakayotofautiana zaidi ni hatua ya pili.

Hatua ya kwanza ni kutenga akaunti moja ya msimamizi inayoingia kwa nywila ya kawaida. Niliwahi kuiruka, na kosa la herufi moja katika anwani likatufungia nje sote, nikiwamo mimi niliyepaswa kulirekebisha.

Hatua ya pili ni kubadilishana metadata, yaani taarifa ambazo programu na seva huhitaji ili kutambuana. Programu hutoa kitambulisho chake na anwani ya kupokelea majibu, yaani ujumbe wa seva unaothibitisha mtumiaji ni nani, nayo seva hutoa anwani ya kuingilia pamoja na cheti cha kidijitali chenye ufunguo wa umma, ambao programu huutumia kuhakiki saini ya kidijitali ya seva iliyo kwenye majibu. Nakili kila kitu, usiandike kwa mkono, kwa kuwa hata mkwaju (/) mmoja uliozidi mwishoni mwa anwani unaweza kuvunja muunganisho.

Hatua ya tatu, kuchagua kitambulisho cha mtumiaji, ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Wengi huchagua barua pepe kwa sababu iko tayari, lakini majina hubadilika, na anwani ya aliyeacha kazi ikipewa mgeni, mgeni huyo ataingia na kukuta nyaraka za mtangulizi wake. Tumia namba ya kudumu ambayo haitapewa mtu mwingine kamwe.

Hatua ya nne, jaribu na watu wachache. Jibu likikataliwa ilhali mipangilio ni sahihi, saa ndiyo ya kwanza kushukiwa: kila jibu lina muda mfupi wa uhalali, hivyo saa za seva mbili zikipishana kwa dakika chache tu, jibu huonekana limepitwa na wakati.

Mwisho, zima nywila za zamani, isipokuwa ile ya akaunti ya msimamizi uliyoitenga katika hatua ya kwanza. Kumfungia mfanyakazi kwenye seva ya utambulisho humzuia kuingia upya, lakini kikao alichokwisha kukifungua ndani ya programu kinaweza kuendelea. Kwa hiyo fupisha muda wa vikao, na uweke kwenye kalenda tarehe ya cheti kuisha, ukijikumbusha siku 30 kabla.