Gari halivuti mlimani: soma namba kabla ya kununua kapteri (sensa)

Gari likishindwa kupanda Kadutu na taa ya injini ikiwaka, wengi Bukavu hukimbilia kapteri ya okazi (iliyotumika). Pesa nyingi hupotea hapo, maana kodi ya skana (namba ya hitilafu inayosomwa kwenye kompyuta ya gari) hutaja dalili, haitaji kifaa kilichokufa. Maelezo haya yanafuata Toyota za esansi (petroli) zenye sensa ya hewa (MAF) kwenye bomba la filta, mfano injini 1NZ ya lita 1.5.

1. Kabla ya skana
Angalia filta ya hewa, klipu za bomba lake na bujia (plagi). Filta ya karatasi haioshwi, inatupwa.

2. Chomeka skana
Andika kodi zote, usifute hata moja. Kile kidude cha bluetooth kinatosha, mradi programu ya simu ionyeshe namba zikitembea. Skana inayosoma kodi tu usinunue.

3. Kontakti wazi (ufunguo umewashwa), injini haijawaka
Gari likiwa limelala usiku kucha, joto la maji na joto la hewa inayoingia yawe karibu sawa. Ukiona −40, waya umekatika au soketi imechomoka. Magari ya zamani yenye sensa ya presha (MAP) yaonyeshe kama kPa 85. Vitabu vingi vinasema 101, lakini hiyo ni ya usawa wa bahari, na sisi tuko karibu mita 1,500 juu. Sensa hiyo inasema kweli, iache. Mwinuko huohuo unakula kama asilimia 15 ya nguvu ya injini isiyo na turbo, na hakuna kapteri itakayoirudisha.

4. Marekebisho ya esansi pamoja na gramu za hewa
Kazi yenyewe iko hapa, usiharakishe. Maji yafike angalau nyuzi 80, AC izimwe. Kama betri ilitolewa jana, kompyuta imesahau kila kitu: endesha kwanza kilomita 20 hivi.

Jumlisha STFT na LTFT, yaani marekebisho ya muda mfupi na ya muda mrefu: asilimia ya esansi ambayo kompyuta inaongeza (+) au kupunguza (−). Kati ya −10 na +10 ni sawa. Soma kwenye ralanti (injini inanguruma bila kukanyaga pedali), kisha shikilia mizunguko 2,500. Ikiwa ralanti ni +20 na kwenye 2,500 inashuka karibu na sifuri, kuna hewa inayoingia kwa wizi baada ya sensa: mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Nyunyizia maji sehemu moja moja. Ralanti ikibadilika, umefika. Wengine hutumia dawa ya kabureta. Inafanya kazi, ila juu ya ekzosi ya moto inawaka.

Jumla ikipanda kadiri unavyokanyaga, nenda barabarani. Tafuta sehemu tupu ya barabara ya Kavumu asubuhi; mmoja aendeshe, mwingine asome. Gia ya pili, kanyaga mpaka chini hadi mizunguko 5,000. Kwa urefu wetu, lita 1.5 inapaswa kufika kama gramu 50 kwa sekunde.

- Gramu 35 na marekebisho yamepanda sana: MAF inadanganya, ni chafu au imechoka.
- Gramu 35 na marekebisho ni ya kawaida: hewa yenyewe haipiti. Filta imeziba, au katalizeri (kisafisha moshi cha ekzosi).
- Gramu 50 na marekebisho yamepanda: esansi haitoshi. Pompo, filta ya esansi, au umenunua kwa kadhafi (muuza esansi wa barabarani) aliyechanganya.

Tahadhari moja: ekzosi ikivuja kabla ya sensa ya oksijeni, sensa inanusa hewa ya nje na marekebisho yanapanda bure. Ndiyo maana kodi P0171 (esansi ni kidogo kuliko hewa) haimaanishi sensa ya oksijeni imekufa. Mjumbe hauawi.

MAF chafu: zima kontakti, itoe, ipulizie dawa yake maalumu mara kumi hivi, iache ikauke dakika 15. Dawa ya breki hapana, kitambaa hapana, kompresa hapana. Ule waya ni mwembamba kama unywele. Kisha futa kumbukumbu ya kompyuta na urudie jaribio.

5. Pedali na kipepeo (mlango wa hewa ya injini)
Kontakti wazi, kanyaga polepole sana. Asilimia ipande bila kuruka. Kwenye kipepeo cha kebo, waya wa ishara hutoka kama volti 0.5 hadi karibu 4.5. Tumia mita ya mshale, kwa sababu ile ya namba huchelewa na kuficha mruko wa nusu sekunde. Kukiwa hakuna volti 5 zinazoingia, tafuta waya kwanza. Sensa haina kosa.

6. Ukilazimika kubadilisha
Linganisha namba iliyoandikwa kwenye sensa yenyewe (MAF nyingi za Toyota huanza na 22204) mpaka tarakimu ya mwisho. Soketi kuingia vizuri si ushahidi: sensa ya injini nyingine inaingia na kusoma hewa vibaya. Mwambie muuzaji mapema kwamba utaijaribu na skana garini kabla ya kulipa.